Gari Kuukuu Likichemsha: Hatua za Kuchukua

Mshale wa joto ukipanda, dereva aegeshe kando ya barabara, azime injini na aweke pembetatu za tahadhari. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yenye shinikizo huruka na kumchoma mtu usoni. Asubiri angalau dakika 30.

Maji yakiwa yamepungua, akague mipira na rejeta kutafuta yanapovuja. Yakiwa kamili, aangalie mkanda wa feni kama umelegea au kukatika. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imeungua: gari lisiwashwe tena, livutwe hadi kwa fundi.

Kuongeza maji kila asubuhi si matengenezo. Maji hayapungui bila sababu. Fundi aitafute mapema, kabla injini haijaharibika.