Mama, Mwana na Mashine

SOMO LA FAMILIA
Tusome kwanza: 2 Yohana 12, 1 Wathesalonike 2:17 – 3:6



Wengi wetu hapa Muscat tumehudhuria mazishi ya nyumbani kwa simu. Tumewaona watoto wakivaa sare za shule kwa mara ya kwanza kwa simu. Kwa hiyo somo hili halisemi kwamba simu ni mbaya. Linauliza jambo moja: chombo kinachotuunganisha huanza lini kututenga?

HADITHI
Mwaka 1909, kabla ya watu kuwa na televisheni, Mwingereza E. M. Forster aliandika hadithi fupi iitwayo "The Machine Stops", yaani Mashine Yasimama. Katika hadithi hiyo watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani kwake. Ukibonyeza kitufe, chakula kinakuja, ukibonyeza kingine, kitanda, kingine, muziki. Mama mmoja, Vashti, anajuana na maelfu ya watu kupitia Mashine.

Mwanawe Kuno anaishi upande wa pili wa dunia. Siku moja anamwomba mama aje amwone. Mama anashangaa, kwani si wanaonana kwenye kioo? Kuno anasema anachokiona ni mfano wake tu, si yeye. Mama anahisi mwanawe ana huzuni, lakini hana hakika, maana Mashine haionyeshi mambo madogo ya uso. Safari ni ya siku mbili tu, naye anaiahirisha. Anapofika hatimaye, hampi hata mkono.

Mwishowe Mashine inaharibika, na watu hawajui tena kuishi bila hiyo. Gizani, wakiwa karibu kufa, mama na mwana wanakutana na kugusana.

TUJIFUNZE
1. Safari haikukatazwa. Watu walizoea tu kuletewa kila kitu, mpaka kuonana kukawa usumbufu. Tazama nyumba zetu za Ruwi au Al Khuwair jioni: baba sebuleni na habari za nyumbani, mama jikoni na video, watoto chumbani na michezo. Tuko chini ya paa moja, lakini kila mtu ana chumba chake kama Vashti.

2. Kujuana na wengi si kutembeleana. Dada afanyaye kazi za nyumbani anaandika kwenye kundi kwamba anaumwa. Watu arobaini wanajibu "Pole" na "Amina". Je, kuna aliyempelekea uji?

3. Uso hauonekani wote kwenye kioo. Mtoto aliyeachwa kwa bibi akisema "niko salama, mama", huenda ni kweli. Huenda pia amejifunza kutokutia wasiwasi.

NENO LINASEMAJE
Mzee Yohana alikuwa na mengi ya kuandika, lakini hakutaka kuyamaliza kwa karatasi na wino. Alitumaini kuja waongee ana kwa ana, ndipo furaha itimie. Barua ilitayarisha safari, haikuifuta.

Lakini sisi tuna mkataba, na tiketi ni ghali. Paulo naye alizuiwa, tena zaidi ya mara moja. Akafanya nini? Alimtuma Timotheo, akaketi nao, akarudi na habari za kweli. Basi ndugu wa kanisa anapokwenda likizo Mombasa, Dodoma au Bukavu, mwombe apite kwa mwanao. Asipeleke zawadi tu. Akae, ale nao, amtazame. Nawe ukienda, uwe Timotheo wa mwenzako.

MASWALI YA NYUMBANI
1. Ni nani tunayeweza kumfikia kwa teksi, lakini tunamtumia ujumbe tu?
2. Watoto, ni wakati gani mngependa baba na mama waweke simu chini?
3. Ni nani anakwenda nyumbani karibuni, na tumtume kwa nani?

TENDO LA JUMA HILI
Jioni moja, simu zote ziwe kwenye kapu moja mpaka chakula kiishe. Kisha tumpigie aliye mbali, na tumtembelee aliye karibu.