KUKILINDA CHOMBO NANGANI WAKATI WA TUFANI

Tufani kubwa si jambo la kila mwaka katika mwambao wetu, na kwa sababu hiyo watu husahau kujiweka tayari. Lakini mwezi wa Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikavunja vyombo vingi bandarini na kuangusha mikarafuu mingi. Na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika Mafia. Basi yampasa kila mwenye jahazi au mashua ayajue mambo haya.

1. Mahali. Khabari ya tufani ikitangazwa, usingoje upepo uanze. Kipeleke chombo penye kinga ya nchi kavu pande nyingi, kama hori lenye mikoko. Chini pawe na matope mazito au mchanga. Penye mwamba nanga huteleza, na matumbawe hukata kamba kama msumeno. Tena acha nafasi ya kutosha, maana upepo wa tufani hugeuka, na chombo huzunguka pamoja nao.

2. Urefu wa amari. Nanga haishiki kwa uzito wake tu, bali kwa kuchimba. Nayo huchimba ikivutwa kwa ulalo. Amari ikiwa fupi, kila wimbi likiinua omo huivuta nanga juu, ikang'oka. Kwa hiyo katika tufani amari ya kamba hutolewa mara saba hata mara kumi ya kina. Lakini kina gani? Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Maji yakipwa kina ni pima 2. Yakijaa huongezeka pima 2. Na omo i juu ya maji pima 1. Jumla ni pima 5. Mara saba ni pima 35, na mara kumi ni pima 50. Mtu akihesabu zile pima 2 za maji kupwa peke yake, atatoa pima 14, na maji yakijaa amari yake haitatimia hata mara tatu ya kina. Hapo chombo kitaburura nanga usiku, naye amelala.

3. Nanga mbili. Ukiwa na nanga ya pili, itie mbali kidogo na ya kwanza, zote mbili mbele ya omo. Kipande cha mnyororo kati ya nanga na kamba husaidia sana: uzito wake hulaza amari, wala mawe hayaukati upesi.

4. Kupunguza upepo. Upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Basi teremsha foromali, fungua tanga ulitie chini, ondoa chandalua na kila kitu kilichosimama juu bure. Fua maji yote katika ngama, na ufunge vizuri vilivyobaki.

5. Kusuguka. Kamba nyingi hazikatiki kwa kuvutwa, bali kwa kusuguliwa omoni. Izungushie magunia au turubai mahali inapopita, na uyafunge yasihame.

6. Alama. Kabla ya giza, chagua miti miwili pwani iliyo katika mstari mmoja. Chombo kikizunguka tu, miti hurudi katika mstari. Lakini ikizidi kuachana wala isirudi, jua kwamba nanga inaburura.

7. Watu. Kazi hizi zikiisha, mabaharia washuke pwani mapema, waende mahali pa juu. Na upepo ukinyamaza ghafula, mtu asikimbilie chombo chake. Huenda ni kitovu cha tufani kinapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande mwingine.

Wakubwa wa vijiji na wawaeleze wavuvi wao mambo haya wakati bahari ingali shwari. Chombo kikivunjika mafundi waweza kuunda kingine. Baharia aliyezama harudi. Tahadhari kabla ya hatari.