Kuongea tu kutamsaidia nini?

Swali: Daktari, dada yangu ana sonona. Hospitalini wamemwelekeza kwa mwanasaikolojia apate tiba ya fikra na tabia. Kuongea tu kutamsaidia nini?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Tiba hii ni kazi hasa, tena ya wawili. Daktari Aaron Beck wa Marekani aliianzisha miaka ya 1960, baada ya kuona wagonjwa wake wa sonona wakijiwa na mawazo ya kujihukumu na kuyaamini bila kuyahoji.

Tuseme dada yako amempigia rafiki simu, haikupokelewa. Papo hapo anawaza: “Amenichoka.” Anajifungia chumbani, hampigii mtu tena, na upweke unazidi kumthibitishia wazo lile. Mtaalamu atamwambia aliandike daftarini, kisha walipime pamoja: ushahidi uko wapi? Je, rafiki alikuwa kazini? Halafu anapewa zoezi la nyumbani: apige tena kesho, aone kitakachotokea. Kwa maoni yangu, mazoezi hayo ndiyo moyo wa tiba yenyewe, kwa hiyo mtie moyo ayafanye hata siku asizojisikia.

Kama anatumia dawa, asiziache bila kumwuliza daktari. Na akitaja kutaka kufa, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.