Land Rover Kuukuu ya Jeshi: Tuifufue kwa Spea Gani?

Somo letu mara hii limetoka kwa kikundi kimoja cha hapa Miasenyi. Kina mama na wazee wachache wamechanga pesa kidogo kidogo kwa miaka miwili ili wapate gari la kuleta maji kiangazi kikikaza, na la kumkimbiza mgonjwa Voi usiku. Sasa wamepata Land Rover iliyokuwa ya jeshi. Imelala chini ya mgunga, magurudumu yamezama mchangani, na mwenyewe anaiuza kwa bei ya chini. Fundi mmoja amewaambia, "Hiyo tuitie injini ya Toyota ya dizeli, itakuwa mpya kabisa." Wakatuuliza: tununue ama tuache?

Tulienda kuiona pamoja na fundi mwingine, mzee aliyezoea gari hizi. Watu walitaka afungue boneti. Yeye akaomba gunia la kulalia na nyundo ndogo, akaingia chini ya gari.

Sababu ni hii. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu. Lakini fremu ya chini, ile mafundi huita chesisi, ni chuma kilichoungwa kama sanduku refu, na kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki. Gari laweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini. Ukigonga chuma kizima kwa nyundo hulia. Kilichooza hutoa sauti bubu, na pengine nyundo inatoboa. Ile ya Miasenyi ililia vizuri mbele. Nyuma, pale springi zinaposhikilia, ikanyamaza.

Hapo pafaa kukatwa mpaka kwenye chuma kizima, kisha pachomelewe bamba nene. Msikubali bamba la debe lililopakwa rangi. Na kabla ya kuchomelea, matangi ya petroli yatolewe kabisa! Katika gari hizi za jeshi yako chini ya viti vya mbele, na tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Nyaya za betri nazo zitolewe.

Spea za gari hizi si ngeni nchini, maana Land Rover ziliunganishwa hapa hapa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Lakini Series III, ambayo ni aina ya gari hili, ilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Kwa hivyo mtapata spea zilizotumika, za kuiga, au za gari jingine zilizochongwa zikaingia. Fundi akikuambia "hii itaingia", usitosheke. Muulize, "Na ikikatika tukiwa njiani, itakuwaje?"

Bushi za springi zilizokatwa kwenye tairi kuukuu zikichakaa, gari litapiga kelele na kuyumba kidogo, nanyi mtafika nyumbani. Hizo tumieni. Hozi ya radiata ikipasuka, ifungeni kwa ukanda wa tyubu mpaka mpate nyingine. Gasketi ya kifuniko cha vavu yaweza kukatwa kwa koki au kadi nzito, ikivuja mtaona oili tu. Viti, taa, vioo, milango, hata radiata ya gari jingine iliyo kubwa zaidi, vyote hivyo jua kali wanaviweza, na tunawasifu.

Gasketi ya silinda hedi usikate kwa kadi, maana hapo pana moto na mgandamizo. Termostati nayo watu huitupa kwa sababu ya joto letu. Katika baadhi ya injini hizi, ukiitoa, maji hupitia njia ya pembeni bila kufika kwenye radiata, na gari linachemka zaidi. Mkishuku kwamba imeharibika, itieni kwenye sufuria ya maji ya moto: ikifunguka, ni nzima. Na maji ya visima vya huku mengi yana chumvi, yanaziba radiata. Wekeni kando mitungi michache ya maji ya mvua kwa ajili ya gari.

Breki na usukani ni mambo mengine kabisa. Nyingi za Land Rover hizi zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Hozi moja ikipasuka, zote zimekwenda. Handibreki nayo haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya giaboksi, na kazi yake ni kulizuia gari lililosimama. Sasa fikirieni mko barabara ya Mombasa, lori la makontena liko nyuma na jingine linakuja mbele. Kwa hiyo hozi za breki, mipira ya masta silinda na ya magurudumu, na viungo vya usukani vinunuliwe vipya, na vya aina yake. Msitie oili ya injini mahali pa mafuta ya breki. Oili hiyo inavimbisha mipira, na breki zitakamata zenyewe au zitakataa.

Kitu kingine cha gari za jeshi: tazameni betri. Nyingi zina betri moja ya volti 12 kama gari lolote, lakini zile zilizobeba redio za mawasiliano zilikuwa za volti 24, betri mbili zimefungwa pamoja kwa mfululizo. Ukitia balbu ya kawaida inaungua papo hapo. Balbu, stata, alternata, koili na geji zote ni za volti 24, ni shida kuzipata na ni ghali. Kama ni hiyo, ni afadhali kugeuza yote kuwa ya volti 12 kwa mara moja. Mkigeuza nusu nusu mtanunua balbu kila wiki.

Sasa injini, ambayo ndiyo kila mtu aliyoitaka. Dizeli ya Toyota inaweza kuingia, tumeziona nyingi zikifanya kazi. Lakini injini haiji peke yake. Lazima lichongwe bamba la kuiunganisha na giaboksi, na likiwa halikunyooka hata kidogo beringi zitakufa. Mikono ya kushikilia injini ibadilishwe, na mara nyingi ekzosi na radiata pia. Tena nguvu ikizidi, giaboksi ya zamani na hafu shafti za nyuma ndizo zinazovunjika.

Tulipiga hesabu na kikundi, mchangani, kwa kijiti. Tuseme gari litatembea kilomita 100 kwa wiki. Injini yake ya petroli hula karibu lita moja kwa kilomita 5 au 6, yaani kama lita 18. Dizeli ikienda kilomita 10 kwa lita, ni lita 10. Mnaokoa lita 8 kwa wiki. Mama mweka hazina akauliza, "Hizo lita nane zitalipa injini kwa wiki ngapi?" Alipojumlisha bei ya injini, bamba na kazi, wengine walicheka, lakini si kwa furaha. Injini ya zamani ilikuwa haijakwama. Kusafisha kabureta, kubadilisha pointi na plagi, kurekebisha nafasi ya vavu iwe milimita 0.25, hiyo ni kazi ya siku mbili. Dizeli ingoje mpaka gari lijilipie.

Maji nayo yana uzito wake. Walitaka tangi la lita 1,000. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hiyo ni tani nzima, na tangi juu yake. Jeshi la Uingereza liliipa aina hii ndefu, ya inchi 109, daraja la robo tatu ya tani, karibu kilo 760. Dereva na abiria wawili wakipanda, inabaki nafasi ya mitungi kama 25 ya lita 20. Na mitungi ina faida: tangi lisilojaa maji yake huyumba, yakalivuta gari kwenye kona.

Karatasi zitazamwe kabla ya pesa kutoka. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, ilinganishwe na logibuku. Rangi na alama za jeshi ziondolewe, na rangi mpya, au injini mkija kuibadilisha, iandikishwe NTSA.

Kikundi kimemwambia mwenye gari kwamba bei ipunguzwe kwa kiasi cha kuchomelea nyuma na kununua breki mpya. Amekwenda kufikiri. Fundi mzee aliacha gunia lake pale pale chini ya gari.