LEZA INAVYOPIMA MVUKE NA METHANI


Hapa kwetu Diani, wakati wa kaskazi, jasho halikauki hata ukikaa kivulini. Sababu ni mvuke wa maji kutoka baharini. Hauonekani, lakini ndio unaozaa mawingu. Je, utaupimaje ukiwa juu kilomita kadhaa?

Wataalamu hutumia leza. Ndege humulika miale miwili kuelekea chini. Mmoja una rangi inayomezwa na mvuke. Wa pili hupita bila kumezwa sana. Vumbi na chumvi ya hewani huirudisha. Kadiri wa kwanza unavyorudi hafifu kuliko mwenzake, ndivyo mvuke ulivyo mwingi. Muda wa kurudi nao huonyesha umbali, manake mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Chombo cha Marekani kiitwacho LASE kilifanya hivyo miaka ya 1990, kikiwa ndegeni kilomita 20 hivi juu.

Methani, gesi ya vinamasi, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe, hupimwa vivyo hivyo, ila mwale husomwa ukisharudi kutoka ardhini au baharini. Ufaransa na Ujerumani zinaandaa setilaiti ya MERLIN kwa kazi hiyo. Kwa kuwa leza hujibebea taa yake, hupima hata usiku.

Hili latuhusu. Methani hutega joto la dunia. Na ukame wa 2020 hadi 2022 uliua mifugo mingi Kenya. Mvuke ukipimwa vyema, utabiri wa mvua huwa bora, na mkulima wa Kinango hujua lini apande. Basi wenzangu, tusiikimbie fizikia!