Kabla Hujabonyeza "Sasisha"

Mimi ni wa Elimu, ila chumbani nakaa na wawili wa uhandisi, na muhula huu wanabishana jambo moja tu: tu-update au tuache? Tulichukue kama somo.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Kwenye SolidWorks kuna toleo jipya la mwaka, halafu kuna masasisho madogo ndani ya mwaka huohuo, SP0 hadi SP5, ambayo kazi yake kubwa ni kurekebisha kasoro. Faili la 2022 SP3 mwenzako mwenye 2022 SP1 analifungua. Lakini ukirukia 2023 ukasevu, yule wa 2022 hataweza kulihariri. Revit ndiyo haina huruma kabisa: mradi ukishapandishwa toleo, haushuki. AutoCAD kidogo ina utu, maana inakuruhusu kusevu DWG kwa muundo wa zamani.

Kwa hiyo jiulize: nani mwingine anafungua faili hili? Wenzako wa kundi, msimamizi, kompyuta za maabara. Kama maabara ina 2021, basi nawe baki 2021 mpaka mkabidhi mradi, hata kama ile mpya inang'aa vipi.

SP ni rahisi zaidi. Soma maelezo yake; kama inarekebisha kasoro inayokusumbua, weka. Kama zimebaki wiki mbili mkabidhi na programu haikusumbui, iache, bando lenyewe hilo unalipata wapi? Na kabla ya lolote, nakili folda nzima ya mradi kwenye flashi.