Sindano ya Joto kwa Kondoo Huenda Ikaharibu Mimba

Kondoo jike asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 17 hivi. Wengi hudhani mzunguko huo huendeshwa na ovari peke yake, kumbe mji wa mimba nao una sehemu yake.

Yai likishatoka, pale lilipotoka huota tezi ndogo ya manjano. Tezi hiyo hutoa projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba ili uweze kuilea mimba. Ikifika siku ya 14 au 15 pasipo dalili ya mimba, mji huo hutoa homoni nyingine, prostaglandini, ambayo huivunja tezi ile. Projesteroni hushuka na joto hurejea. Kiinitete kikiwapo, huwahi kabla ya siku hizo kutoa protini ya kuzuia uvunjaji huo. Ndiyo salama yake ya kwanza.

Sindano itumikayo mara nyingi kuwaleta kondoo kwenye joto kwa pamoja ni prostaglandini hiyohiyo, nayo haibagui. Kondoo aliyepandwa wiki chache zilizopita akichomwa, mimba hutoka, pengine bila mwenye kundi kutambua. Atalalamika tu kwamba dume lake halifai.

Kwa hiyo tenga madume mapema, andika tarehe za kupandisha, na umwone Afisa Mifugo wa kata kabla ya kununua dawa. Aidha, dawa hii hupenya ngozi: wajawazito na wenye pumu wasiishike.